Mto Niliokatazwa

Wiki iliyopita gari letu liligoma kuwaka, nikalazimika kuipeleka betri kwa fundi mmoja wa hapa Lubumbashi anayechaji betri chini ya kibanda cha mabati. Alifungua vifuniko, akamimina tindikali kidogo kutoka kwenye dumu, na harufu ile ikanifikia kabla sijakaa. Ni harufu kali, inakaa nyuma ya ulimi kana kwamba umelamba msumari. Fundi aliniona natoka nje nimejiziba mdomo kwa kitenge. "Mama, uko na mimba?" akaniuliza kwa upole. Nikamjibu hapana. Ningemwambiaje kwamba kwa muda ule mfupi nilikuwa nimerudi Kolwezi, sina meno ya mbele, nimekaa peke yangu juu ya kichuguu, natazama watoto wenzangu wanaoga?

Mto wetu haukuwa mkubwa. Wageni walicheka waliposikia tunauita mto. Ulitokea upande wa juu, ukapita katikati ya mtaa wetu na mtaa wa jirani, ukakata bustani za kabichi na sombe, yaani kisamvu, halafu ukapotea kwenye majani marefu kuelekea bondeni. Lakini kwetu ulikuwa ndio bafu, ndio dobi, ndio uwanja wa mchezo. Maji ya kunywa tuliyapanga foleni bombani, na bomba lilikuwa na kiburi chake. Siku nyingine lilikohoa tu. Mto haukukohoa. Akina mama waliloweka mihogo kando yake, wakafua, wakasengenyana. Sisi watoto tuliingia uchi, tukatoka na midomo ya bluu kwa baridi, tukalala juu ya mawe ya moto hadi tukauke kama samaki.

Kisha kule juu ukajengwa ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta kiwanda cha kuosha shaba. Wazazi wetu walifurahi, maana ukuta ulikuwa na maana ya kazi. Rangi ya maji ilianza kubadilika polepole. Asubuhi nyingine yalikuja meupe kama maji yaliyooshea mchele, nyingine yakaja na kijani kizuri sana, kijani cha chupa. Rafiki yangu Feza, ambaye kwao na kwetu tulitenganishwa na ua wa matete tu, alisema mto nao umeanza kupata nguo. Kila asubuhi alikimbia kuchungulia, akarudi kunipa habari.

"Vero! Leo imevaa kijani! Kuya tuende!"

Na tulienda. Siwezi kuwaambia kwamba tuliogopa. Tuliona mto umependeza.

Papa alipata kazi kiwandani wakati wa masika, kazi ya ulinzi. Walimpa koti, tochi, na buti nyeusi za ngozi zilizonukia upya. Mama alizishika buti zile kama anashika mtoto mchanga. Nyumbani kulianza kuwa na mkate asubuhi, na siku za mwisho wa juma Mama alipika samaki mkavu pamoja na bukari, ugali wetu, mkubwa kiasi kwamba tulibakiza. Papa alilinda usiku, akarudi jua linapochomoza, akavua buti zake mlangoni na kulala mchana kutwa. Mimi nilijifunza kutembea kwa vidole vya miguu.

Kabla mvua hazijaisha, buti zilikuwa zimeharibika. Uzi ulifumuka, ngozi ya mbele ikachanika na kuwa laini kama ganda la ndizi lililooza. Niliziangalia kila asubuhi, nikaona hali inazidi. Nilikuwa na jibu langu: panya. Nani mwingine angetafuna buti? Kwa hiyo nilianza kubakiza tonge la bukari, nikaliweka karibu na kizingiti ili panya washibe, waache buti za Papa. Kweli, asubuhi tonge lilikuwa halipo, lakini buti ziliendelea kuliwa. Niliwaona panya wale kuwa hawana shukrani.

Siku moja Papa alirudi amevaa buti za plastiki, ndefu, nyekundu kwenye soli. Zile za ngozi alizitupa nyuma ya nyumba. Hakwenda kulala. Aliniita, nikasimama mbele yake naye amekaa kwenye kiti, macho yetu yakawa sawa.

"Kuanzia leo, ku mto hapana. Unasikia? Hata kunawa mikono."

"Juu ya nini, Papa?" nikauliza sababu.

"Juu nimesema."

Mama, aliyekuwa anapepeta unga, aliinua kichwa. Yeye pia aliambiwa asifulie tena kule, afulie kwa maji ya bomba. Aliguna kwamba maji ya bomba yanapangiwa foleni tangu kuku hajawika. Papa hakubishana naye. Aliingia ndani akalala na nguo zake zote. Baadaye nilimsikia Mama akimweleza jirani kwamba mumewe alipoteza mdogo wake kwa kuzama alipokuwa kijana, ndiyo maana anaogopa. Sidhani kama Papa alimwambia hivyo. Nadhani alijitafutia sababu kwa sababu hakupewa.

Feza alipokuja asubuhi iliyofuata, nilimwambia nimekatazwa.

"Walikukataza nini?"

"Mto."

Alicheka, akadhani ni mchezo. "Mto banakatazaka?" Aliposikia sicheki, akasimama kidogo, akakuna goti lake, kisha sauti za wenzake zikamwita, akaenda. Simlaumu. Nani angebaki na mtoto aliyekatazwa, siku yenye jua kama lile?

Kulikuwa na kichuguu kikubwa juu ya bustani, kile cha aina yetu ya Katanga, kirefu kuliko nyumba, kimeota majani na mti mdogo. Nilipanda hapo kila siku. Niliona vichwa vyao vikizama na kuibuka. Niliwahesabu Feza na nduguze kwa rangi za vitambaa walivyoviacha ukingoni. Mwanzoni walinipungia mikono, wakaniita kwa jina. Kisha wakazoea. Ni jambo la ajabu jinsi watu wanavyozoea kutokuwepo kwako. Mchezo wetu wa kuvuka mto kwa kushikana mikono ulihitaji mtu wa mwisho, na nafasi ile ilikuwa yangu. Siku chache tu baadaye niliona mtoto mwingine amesimama pale, na mstari haukukatika.

Sikumkasirikia Papa. Nilifikiri kuna kitu ndani yangu ambacho yeye amekiona na hataki kuniambia. Mzazi hamkatazi mtoto mmoja peke yake kitu ambacho watoto wote wanaruhusiwa, isipokuwa mtoto yule ana kasoro. Hivyo ndivyo nilivyoelewa.

Halafu vidonda vikaja. Vilianza kama vipele kwenye miguu, watoto wakajikuna hadi ngozi ikatoka. Macho yakawa mekundu. Kabichi zilizomwagiliwa maji ya mto zikanyauka kuanzia pembeni, na samaki wadogo wakaelea tumbo juu kwenye majani. Wakubwa walisema ni joto. Wakasema ni sabuni mpya ya dukani. Mama mmoja alisema ni wachimbaji waliotoka mbali, wale vijana wa kuchimba kobalti kwa mikono, wameleta ugonjwa wao. Kila mtu alikuwa na lake. Mtaa mzima ulinuka dawa ya majani ambayo akina mama waliichemsha kuwapaka watoto, na kila ua ulikuwa na mtoto anayelia.

Ua wetu ulikuwa kimya. Ngozi yangu ilikuwa nzima. Mama, kwa furaha yake, alinipaka mafuta ya mawese nikang'aa, akanituma bombani. Sasa naona jinsi nilivyoonekana katika foleni ile, mimi nang'aa, na nyuma yangu wanawake wamebeba watoto waliofungwa vitambaa. Mazungumzo yalikatika nilipofika. Mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Angalieni ule. Hata mbu haimugusake." Sikujua kama ni sifa au ni kitu kingine. Nilitabasamu.

Karibu na soko kulikuwa na chumba cha maombi cha mtu tuliyemwita Pasta. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alikuwa mwembamba, mwenye suti ya kahawia iliyomzidi, na alijua majina ya wagonjwa wote. Akina mama walimpelekea watoto wao, akawaombea, na vidonda vikaendelea. Nadhani yeye naye alianza kuogopa. Alipoulizwa kwa nini maombi hayashiki, ilibidi apate jibu, na jibu lililokuwa karibu zaidi lilikuwa linang'aa kwa mawese kwenye foleni ya bomba.

Neno lilinifikia kupitia matundu ya ua wa matete. Feza alikuja upande wake, nikaona jicho lake moja tu, jekundu.

"Vero."

"Nini?"

"Mama anasema nisikule tena kwenu. Anasema hata kama unanipa kipande ya mukate, nitupe."

"Juu ya nini?"

Nikasikia anakuna mguu. "Banasema weye njo unatuloga. Banasema unatukuliaka usiku, njo maana weye huna kidonda." Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli: "Ni weye?"

Nilisema hapana. Lakini nilichelewa kusema. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Maana ningejuaje? Tulisikia kila siku kwamba mlozi mtoto hajijui, anatoka akiwa usingizini, mwili unabaki kitandani. Nilitafuta njia ya kujipima. Nilichukua uzi mweusi kwenye kikopo cha Mama cha kushonea, nikajifunga kifundo cha mguu, ncha nyingine nikaifunga kwenye mguu wa kitanda. Nilijiambia: kama naenda, uzi utakatika. Nilipoamka asubuhi uzi ulikuwa umekatika.

Nilikaa kitandani nimeshika kipande kile. Leo naweza kucheka, mtoto yeyote anayelala anarusha miguu. Lakini asubuhi ile niliwasikia watoto wakilia nyumba ya pili, nikajisemea: kumbe ni mimi. Papa alijua. Ndiyo sababu alinitenga na mto, nisiwachafulie wenzangu.

Pasta alikuja mchana, na wanawake wawili, mmoja wao Mama Feza. Mama aliwapa viti, hawakukaa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Mama, hatukuye na mabaya," Pasta alisema. "Tunakuya juu ya mutoto. Batoto bote ba hapa bako na bidonda. Ni ule wa kwenu tu njo haiko na kitu. Muntu anajiulizaka."

"Munataka naye agonjwe njo mufurahi?" Mama aliuliza.

"Tunataka tumuombee. Siku ya Mungu tutamukamata, atakaa mu maombi, asikule, asikunywe, mupaka kile kitu kimutoke."

Papa aliamka kwa sauti zile. Alitoka na fulana ya ndani, macho yamevimba kwa usingizi. "Mutoto wangu haendi," alisema.

"Basi tuambie weye, Tata," Mama Feza akamjia juu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kucheka, lakini siku ile sauti ilikuwa imemkauka. Mtoto wake mdogo kabisa alikuwa mgongoni, kichwa kimefungwa kitambaa. "Kama hamuna kitu, tuambie. Juu ya nini mutoto yako haogake ku mto? Nani alimwambia asioge?"

Nilimwona Papa anafungua mdomo. Niliona kabisa, kupitia ufa wa mlango, kwamba kuna neno limefika kwenye meno yake. Nikangoja alitoe. Nilidhani angesema: ni mlozi, nilimwona. Alifunga mdomo. Akatazama chini, akarudia tu kwamba mtoto haendi, akaingia ndani akanipita kama hakuniona.

Mama Feza alipotoka alivuta nyuma yake lile geti letu la mabati, ambalo halikuwahi kufungwa mchana tangu tuhamie pale.

Sikungoja siku ya Mungu, yaani Jumapili. Kesho yake, saa ambayo watoto huwa wamekula na wamelala kwa joto, Papa anakoroma na Mama yuko sokoni, nilishuka mtoni. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Wenye vidonda walikuwa watu. Mimi sikuwa na vidonda. Kama ningevipata, ningekuwa mtu, na Feza angekula tena mkate wetu.

Maji yalikuwa ya kijani siku ile. Nilivua gauni, nikalikunja vizuri juu ya jiwe. Niliingia, nikahisi chini panateleza, si matope ya zamani yaliyokuwa yanashika vidole, ni kitu kama ute. Hapakuwa na chura, wala wale wadudu wanaotembea juu ya maji. Sikuwa nimesikia mto ukiwa kimya hivyo, maana siku zote nilikuwa pamoja na wenzangu. Nilikaa maji yakanifika kifuani. Nilijisugua mikono, uso, masikio. Niliyafungua macho ndani ya maji kwa makusudi, yakaungua, nikafurahi kwamba yanaungua. Kila mara nilitoa mkono kuangalia kama vipele vimetoka. Havikutoka. Nikafikiri kwa mlozi labda haitoshi nje, lazima na ndani, nikakinga viganja nikanywa. Ladha yake ilikuwa ya msumari. Nikanywa tena.

Sijui nilikaa muda gani. Aliyenikuta ni Mama Feza, amekuja kutoa mihogo yake. Nilimsikia akiangusha beseni.

"Eh, mutoto! Unafanya nini humu?"

Nilitaka kukimbilia kwake lakini miguu iliteleza, kwa hiyo nilimwinulia tu mikono yote miwili, nimeigeuza aone.

"Mama Feza, angalia. Na mi itanitoka."

"Nini itakutoka?"

"Bidonda. Nilikunywa na kunywa. Mi si mulozi."

Alisimama pale ukingoni. Sura yake naikumbuka kuliko sura za ndugu zangu wengi. Haikuwa huruma kwanza, ilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Kisha akaingia majini na viatu vyake, kitenge kikaelea pande zote, akanibeba. Nilitapika begani kwake. Alipanda mteremko wa kwenda kwetu anakimbia, mwanamke mnene vile, anapumua kwa nguvu, anasema jina langu, "Vero, Vero, Vero," kama vile ndilo neno pekee analolijua.

Papa alitoka nyumbani kwa kelele. Aliponiona nimelowa, hakuuliza nimetoka wapi. Alishika taya langu, akaninusa mdomo.

"Alikunywa? Mama Feza, alikunywa?"

"Alikunywa."

"Mingi?"

Mama Feza alinishusha chini taratibu. Majirani walikuwa wameanza kuingia uani. Alimtazama Papa, na nadhani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. "Kwani mu ile mayi muko nini?" aliuliza.

Papa alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na zile buti zilizooza, akazitupa katikati ya ua, mbele ya watu.

"Angalieni. Ni mayi inafanya hii. Njia yangu ya ulinzi inapita pale inatokea, nyuma ya ukuta, chini ya ile tuyau, ile bomba kubwa. Inakula ngozi, inakula uzi. Shefu akatupatia ya plastiki, akasema: ukifungua kinywa, kazi imekwisha, na nyuma ya mulango kuko bantu mia banangoja nafasi yako." Sauti yake ilikuwa ya chini, ilibidi watu wasogee. "Mutoto yangu si mulozi. Ni mi nilimukataza."

Nilitegemea watapiga kelele. Mama alikuwa amefika getini na kikapu chake kichwani, na hakukitua.

"Ulijua," Mama Feza alisema.

"Nilijua."

"Na Feza alikuwa anapita hapa kila asubuhi anaita mutoto yako. Ulikuwa unamusikia."

"Nilikuwa namusikia."

Alimgeuzia mgongo. Maji ya mto yalikuwa bado yanachuruzika kutoka kwenye kitenge chake, yakachora mstari kwenye vumbi hadi kwao.

Nililazwa hospitali, koo limeungua, siwezi kumeza hata mate. Vidonda vilitoka, ndiyo, kwenye mapaja, chini ya kwapa na kwenye kope, nikaviangalia kwa fahari siku ya kwanza. Nilimngoja Feza aje kuviona. Mama alikaa kando ya kitanda, ananipa maziwa kwa kijiko. Papa akija, yeye alitoka nje. Niliwasikia wauguzi wakisimulia kwamba watu wa mtaa wetu walikwenda kwenye geti la kiwanda na chupa za maji ya kijani mikononi, na kwamba siku ile geti halikufunguliwa. Baadaye yalikuja magari, yakagawa sabuni na maji safi, ikawekwa bendera nyekundu kando ya mto. Watoto wengi walipona walipoacha kuoga mtoni. Wengine walichukua muda mrefu. Mdogo wake Feza, yule wa mgongoni, alibaki na jicho moja lisiloona vizuri.

Papa alifukuzwa kazi kabla sijatoka hospitali. Niliporudi nyumbani niliona kwamba mambo yamegeuka, lakini hayakugeuka nilivyotaka. Hakuna aliyeniita mlozi tena. Pasta alipita njia, akavua kofia, akanisalimu kama mtu mzima. Akina mama waliniachia nafasi mbele ya foleni. Lakini Papa alipotoka nje, watu walikumbuka kazi zao. Alikuwa akisalimia, na salamu inaanguka chini. Wale ambao watoto wao alikuwa amewaokoa kwa kusema walikuwa walewale aliowaacha kwa kunyamaza, na sioni jinsi mtu angeweza kumshukuru na kumsamehe kwa pumzi moja. Hata mimi sikuweza. Nilimwona amekaa chini ya ukuta wa nyumba, amekunja mikono, na nilikujua kukaa kule, maana nilikuwa nimekaa vilevile juu ya kichuguu.

Feza alikuja mara moja. Alisimama kwenye tundu la ua, akaonyesha mguu wake uliokauka makovu meupe, nami nikamwonyesha kwapa langu. Tulilinganisha. Yangu yalikuwa mapya zaidi. "Ilikuuma?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Na mi iliniuma," akasema. Nikangoja aniite kwenda mahali, popote, lakini mto ulikuwa umefungwa na hatukujua mchezo mwingine. Mama yake akamwita. Hakuwa mkali, alimwita tu. Feza akaenda, na sikumwona tena. Nimeuliza watu wa Kolwezi kila nilipopata nafasi. Mmoja aliniambia aliolewa Tenke, mwingine akasema hapana, ni dada yake.

Tulihama kiangazi kilipoanza. Kaka yake Papa alikuwa Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, akasema atatupokea. Tulipakia godoro, sufuria na viti juu ya lori la mtu wa mahindi. Mageti yote ya mtaa yalikuwa yamefungwa, lakini nyuma ya matete ya Mama Feza niliona kitenge kimesimama, hakiendi, mpaka lori likaondoka.

Kisenge kulikuwa na vumbi jeusi, na upepo mwingi, na watoto ambao hawakujua lolote juu yangu. Papa alikuwa akinisindikiza shuleni kwa sababu njia ilikuwa ndefu na yeye hakuwa bado amepata kazi. Mwanzoni tulikwenda bila kusema. Koo langu lilikuwa limepona lakini nilikuwa nimezoea kunyamaza, na yeye pia. Asubuhi moja yenye baridi, tulipokaribia shule, nilimuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali lile tangu hospitali.

"Papa, juu ya nini hukuniambia? Mi mwenyewe tu. Mayi ni mubaya, basi."

Hakupunguza mwendo. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Kama nilikuambia, ungemwambia Feza."

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu la kweli.

"Ningemwambia," nikasema.

"Najua," Papa alisema. "Njo ile niliogopa."

Kengele ya shule ililia mbele yetu. Tuliendelea kutembea, yeye upande wake wa barabara, mimi upande wangu.